Seva yako nyumbani Dodoma: mwongozo kamili, kuanzia kununua mashine hadi kurudisha picha zilizopotea

Jumapili moja ya mwezi wa tisa bando la nyumbani kwetu Ipagala liliisha saa moja jioni. Binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili, alikuwa katikati ya kazi ya jiografia kuhusu Bonde la Ufa. Hakuja kuniomba vocha. Aliendelea kusoma, kwa sababu ukurasa aliokuwa ameufungua ulikuwa ukitoka kwenye kisanduku cheusi kilichokaa juu ya kabati la vyombo, unapita kwenye rauta, unafika kwenye simu yake. Usiku huohuo picha za harusi ya binamu zilikuwa zinahama kutoka simu ya mke wangu kwenda kwenye kisanduku hichohicho, na bando halikuguswa.

Wengi wetu tunaamini rauta isiyo na bando imekufa. Haijafa. Bando ni nauli ya kutoka nje ya nyumba. Ndani ya nyumba, simu na kompyuta zinaongea bure kupitia rauta hiyohiyo, usiku na mchana. Seva ya nyumbani ni kompyuta inayoishi ndani ya mtandao huo wa bure na haizimwi.

Humu nimepima kila uamuzi kwa maswali mawili. Bando likiisha, kitu hiki kitaendelea kufanya kazi? Na umeme ukikatika saa tisa usiku ukarudi saa kumi na moja alfajiri, kitaamka chenyewe bila mtu kuamshwa? Huduma inayoshindwa maswali hayo mawili haijakaa sawa kwa nyumba ya huku kwetu, hata kama inasifiwa dunia nzima.

Amua kwanza itafanya kazi gani

Anza na kazi mbili tu. Mimi nakushauri Kiwix, inayokupa Wikipedia na vitabu bila intaneti, na Immich, inayotunza picha na video za familia kutoka kwenye simu zote. Kiwix ni rahisi mno, itakupa moyo siku ya kwanza. Immich ndiyo yenye thamani, kwa kuwa simu zikiibiwa au zikidumbukia kwenye ndoo ya maji, kinachouma baada ya wiki ni picha za watoto na za wazee waliotangulia. Baadaye utaongeza Jellyfin kwa filamu, Syncthing kwa mafaili ya kazi, au Nextcloud kwa mafaili na kalenda. Usiziweke zote wiki ya kwanza. Huduma kumi usizozielewa zitakuchosha mpaka uizime mashine kabisa.

Mashine

Nunua kompyuta ndogo ya ofisi iliyokwishatumika, zile zinazolingana na kitabu kinene: HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny. Zinapatikana kwa wauza kompyuta hapa mjini, na Kariakoo zipo nyingi zaidi. Tafuta prosesa ya Intel kizazi cha sita au zaidi. Kizazi cha saba ni bora kidogo kama unapanga kutazama video, kwa sababu kinafungua aina mpya zaidi za video bila kuelemewa. RAM isipungue GB 8. SSD, yaani diski ya ndani yenye kasi, ya GB 256 inatosha kwa mfumo, halafu utaongeza diski ya nje ya TB 1 au 2 kwa picha. Kabla ya kulipa, iwashe hapohapo dukani, iache dakika kumi, sikiliza feni, na hakikisha adapta ni ya mashine hiyo.

Laptopu ya zamani nayo inafaa, na ina zawadi moja kubwa: betri yake ni UPS ya bure, yaani kifaa cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika. Ila kagua betri hiyo. Ikiwa imevimba na kuinua kibodi, itoe kabisa na usiichaji tena.

Kuna wanaopenda Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja. Ni kifaa kizuri, lakini ukishanunua adapta yake, kasha na diski, gharama inaikaribia kompyuta ndogo yenye nguvu zaidi. Na ukiiendesha kwa kadi ya kumbukumbu, umeme ukikatikakatika kadi itaharibika mapema.

Sasa hesabu ya LUKU. Kompyuta hizo ndogo zikiwa zimetulia hula kama wati 12. Zidisha kwa saa 24, kisha siku 30: ni wati-saa 8,640, yaani yuniti 8.6 kwa mwezi. Kompyuta kubwa ya zamani ya mezani inayokula wati 60 itamaliza yuniti 43. Kama nyumba yako iko kwenye daraja la matumizi madogo lenye ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi, hiyo kubwa peke yake imekula zaidi ya nusu ya ukomo wako. Ndiyo maana hata ukipewa bure, ifikirie mara mbili.

Umeme, joto na vumbi

Hapa ndipo seva nyingi za nyumbani zinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza UPS. Ndogo ya VA 650 inabeba seva, diski ya nje na rauta bila shida. Rauta isisahaulike, seva iliyo hai nyuma ya rauta iliyozima haina faida kwa mtu. Betri ya UPS hizi ni ya risasi na asidi, na adui yake ni joto: kila nyuzi 10 juu ya nyuzi 25 za Selsiasi hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Nyumba yetu ni ya bati, na mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, chumba kisicho na dari mchana kinakuwa kama tanuri. Weka vifaa kwenye chumba chenye dari, ukuta usiopigwa na jua la jioni. Ukinunua UPS yenye tundu la USB, programu iitwayo NUT itaizima seva kwa ustaarabu betri ikikaribia kuisha. Inafaa kuiweka ukishazoea mengine.

Pili, BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka. Washa mashine huku ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo. Tafuta mpangilio unaosema mashine ifanye nini umeme ukirudi. HP na Lenovo huuita After Power Loss, Dell huuita AC Recovery. Chagua Power On. Usichague Last State, kwa sababu siku seva itakapozimwa kwa ustaarabu kisha umeme ukakatika, itakumbuka kwamba ilikuwa imezimwa na itabaki imezimwa.

Tatu, vumbi. Anayeishi Dodoma haambiwi habari ya upepo wa kiangazi. Asubuhi umefuta meza, mchana unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Usiweke seva sakafuni wala dirishani. Iweke juu, mita moja na nusu hivi. Na usiifunike. Mama mkwe wangu alikuja kutusalimia, akaona kitu cha thamani kinaingia vumbi, akakitandikia kitambaa kizuri alichokifuma mwenyewe kwa mkono, kama afanyavyo kwenye televisheni na redio. Jioni niligusa mashine, haishikiki. Nilimshukuru, nikamweleza kwamba hiki kinapumua, na kitambaa tukakihamishia kwenye meza ya wageni. Waeleze watu wa nyumbani mapema, kwa heshima, maana wanaofunika wanafunika kwa upendo.

Kila baada ya mwezi zima mashine, fungua kifuniko, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, kisha puliza vumbi nje kwa pampu ya mkono au brashi laini ya rangi.

Kuweka Debian

Mfumo ninaoutumia ni Debian, aina mojawapo ya Linux. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025. Pakua faili la usakinishaji linaloitwa netinst, halifiki GB 1, uliandike kwenye flashi kwa Rufus au balenaEtcher. Kila kilichomo kwenye flashi kitafutika, na kila kilichomo kwenye SSD ya seva kitafutika pia. Chomeka kebo ya mtandao kati ya seva na rauta. Seva isitegemee Wi-Fi.

Usakinishaji unajieleza, ila zingatia mambo matatu. Ukiulizwa nenosiri la root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, acha wazi na uendelee. Debian itampa mtumiaji wako wa kwanza uwezo wa sudo, yaani kutoa amri kwa mamlaka hayo. Mtumiaji huyo hapa namwita fundi. Ukiulizwa saa za eneo, chagua Tanzania, zitakuwa Africa/Dar_es_Salaam. Ukifika kwenye orodha ya programu, ondoa alama kwenye mazingira yote ya picha za skrini kama GNOME, ubakize SSH server na standard system utilities peke yake.

Ikishawaka, ingia, andika `ip a`, utaona anwani kama 192.168.1.37. Anwani hiyo inaweza kubadilika kesho, kwa hiyo nenda kwenye kurasa za rauta, sehemu ya DHCP, uihifadhie seva anwani moja ya kudumu. Mimi nimeipa 192.168.1.10 na mifano yote hapa inaifuata. Baada ya hapo ng'oa skrini na kibodi. Kazi yote utaifanya ukiwa kwenye laptopu yako, hata Windows, kupitia PowerShell na SSH, njia ya kuitawala seva kutoka kompyuta nyingine:

```
ssh-keygen -t ed25519
type $env:USERPROFILE\.ssh\id_ed25519.pub | ssh fundi@192.168.1.10 "mkdir -p ~/.ssh && cat >> ~/.ssh/authorized_keys"
ssh fundi@192.168.1.10
```

Amri ya kwanza inatengeneza ufunguo, ya pili inaupeleka kwa seva, ya tatu inakuingiza. Kisha masahihisho ya usalama yajiweke yenyewe:

```
sudo apt update
sudo apt install unattended-upgrades curl smartmontools restic
sudo dpkg-reconfigure -plow unattended-upgrades
```

Diski ya picha, na kosa lililonigharimu wiki nzima

Mwanzoni sikuwa na Immich. Nilikuwa na folda ya pamoja ya Samba, programu ya kushirikisha mafaili, iliyokaa kwenye diski ya nje. Usiku mmoja umeme ulikatika na kurudi mara tatu. Seva iliamka, diski ya nje haikuamka. Samba haikujua tofauti. Iliona folda yenye jina lilelile, tupu, ikaanza kupokea mafaili kwenye SSD ndogo ya mfumo. Baada ya siku kadhaa SSD ilijaa pomoni na kila kitu kikasimama. Hakuna kilichopotea, lakini kutenganisha kilichoko wapi na wapi kulinila jioni za wiki nzima. Fuata mpangilio huu, hautakupata.

Chomeka diski, andika `lsblk -f`. Itambue kwa ukubwa wake, usikisie; amri inayofuata inafuta kila kitu. Kama diski yako ni sdb na ina kipande sdb1:

```
sudo mkfs.ext4 -L data /dev/sdb1
sudo mkdir /data
sudo chattr +i /data
sudo nano /etc/fstab
```

Ile `chattr +i` inaifunga folda tupu ya /data isiandikwe na yeyote, hata root. Diski ikishapandishwa juu yake, yaani ikishaunganishwa na folda hiyo, uandishi unakwenda kwenye diski na kufuli haionekani. Diski isipopanda, mwandishi anagonga ukuta, nawe unajua mapema. Amri ya mwisho inafungua, kwa programu ya kuandikia iitwayo nano, faili la fstab linaloorodhesha diski za kupandishwa. Ndani yake ongeza mstari huu mmoja:

```
LABEL=data /data ext4 defaults,noatime,nofail,x-systemd.device-timeout=30 0 2
```

Neno `nofail` linaiambia seva iendelee kuwaka hata diski isipoonekana, ili uweze kuingia kwa SSH kuchunguza badala ya kutafuta skrini usiku. Kisha:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a
sudo chown fundi:fundi /data
df -h /data
```

Mstari wa mwisho ukionyesha ukubwa wa diski yako ya nje, umefaulu. Ukionyesha ukubwa wa SSD, simama hapo urudie, usisonge mbele.

Docker

Docker inakuwezesha kuendesha kila huduma ndani ya kontena lake, likiwa na kila linachohitaji, bila kuchafuana na jirani. Pakua skripti yao rasmi, ipitie kwa macho, kisha iendeshe:

```
curl -fsSL https://get.docker.com -o get-docker.sh
less get-docker.sh
sudo sh get-docker.sh
sudo usermod -aG docker fundi
```

Toka na uingie upya. Ujue kwamba aliye kwenye kundi la docker ana nguvu sawa na root, kwa hiyo usimwongeze mtu mwingine hovyo.

Sasa kufuli ya pili: Docker isiamke kabla diski haijapanda. Andika `sudo systemctl edit docker`, na kwenye nafasi iliyo wazi juu weka:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/data
```

Hifadhi. Jaribu sasa hivi, leo, kabla ya kuweka picha hata moja: zima seva, ng'oa diski ya nje, washa. Unapaswa kuweza kuingia kwa SSH, na `docker ps` ilalamike kwamba Docker haifanyi kazi. Rudisha diski, washa upya, Docker iwe hai. Jaribio hili ni la dakika tano.

Kiwix: maktaba isiyohitaji bando

Maktaba za Kiwix huja kama mafaili ya ZIM. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100, usianze nayo. Ya Kiswahili ni ndogo sana ukilinganisha. Kwenye download.kiwix.org, folda ya zim/wikipedia, tafuta faili linaloanza na wikipedia_sw_all. Yenye neno maxi ina picha, yenye nopic haina. Pakua usiku, na utumie `wget -c`, kwa sababu hiyo c inaendeleza upakuaji pale ulipokatikia. Weka faili ndani ya /data/zim. Halafu:

```
mkdir -p ~/kiwix && cd ~/kiwix
nano compose.yml
```

```
services:
  kiwix:
    image: ghcr.io/kiwix/kiwix-serve
    command: '*.zim'
    ports:
      - "8080:8080"
    volumes:
      - /data/zim:/data
    restart: unless-stopped
```

Mistari hiyo kuanzia services ndiyo ya kuandika ndani ya compose.yml. Nafasi za mwanzo wa mistari zina maana, zifuate kama zilivyo. Kisha `docker compose up -d`. Fungua simu yoyote iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumbani, andika http://192.168.1.10:8080, na maktaba itafunguka. Ukiongeza faili jingine la ZIM, andika `docker compose restart`. Zipo kamusi za Wiktionary, vitabu vya Project Gutenberg, na majaribio ya sayansi ya PhET ambayo walimu wa fizikia watayapenda. Mwalimu mmoja wa sekondari jirani yetu alikuja na flashi, sikuhitaji kumweleza mara mbili.

Immich: picha za familia

```
mkdir ~/immich && cd ~/immich
wget -O docker-compose.yml https://github.com/immich-app/immich/releases/latest/download/docker-compose.yml
wget -O .env https://github.com/immich-app/immich/releases/latest/download/example.env
mkdir /data/picha
nano .env
```

Ndani ya .env badilisha mambo matatu. UPLOAD_LOCATION iwe /data/picha. DB_PASSWORD iwe nenosiri lako, herufi na tarakimu tupu bila alama nyingine. Mstari wa TZ utoe alama ya reli (#) iliyo mwanzoni, uandike TZ=Africa/Dar_es_Salaam, la sivyo kazi za usiku za seva zitafuata saa za kwingine. DB_DATA_LOCATION iache ilivyo, hifadhidata ikae kwenye SSD yenye kasi.

Kisha `docker compose up -d`, na subiri. Upakuaji huu ni wa GB kadhaa, uwe na bando la kutosha. Fungua http://192.168.1.10:2283. Anayejisajili wa kwanza ndiye msimamizi. Tengeneza akaunti kwa kila mtu wa nyumbani, weka programu ya Immich kwenye simu zao, na uwawekee anwani hiyohiyo. Chagua albamu za kuhifadhiwa na uhakikishe kuhifadhi kwa data ya simu kumezimwa, picha zipande kwa Wi-Fi tu. Siku mbili tatu za kwanza prosesa itachemka, inatambua sura za watu na kupanga. Iache imalize.

Mama yangu alikaa na simu yangu karibu saa nzima siku alipoona sura ya marehemu baba imekusanywa mahali pamoja, kuanzia picha za karatasi tulizozipiga upya kwa simu hadi za mwaka wake wa mwisho. Hakuna aliyezipanga kwa mkono.

Usimruhusu mtu afute picha kwenye simu mpaka umefika mwisho wa sehemu ya nakala za akiba hapa chini. Mpaka sasa picha ziko mahali pamoja tu penye usalama wa mashaka.

Kuifikia ukiwa safarini

Wengi hukimbilia kufungua poti, yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti, kwenye rauta. Usifanye. Kwanza, pengine haitawezekana: linganisha anwani ya nje inayoonyeshwa na rauta na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kukuonyesha anwani yako ya IP. Zikitofautiana, au ya rauta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT, yaani mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na hakuna mlango wa kuingilia. Pili, hata ikiwezekana, ndani ya saa chache roboti za dunia nzima zitakuwa zinagonga mlango wako.

Njia nzuri ni Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard, teknolojia iliyoingia kwenye kiini cha Linux Machi 2020. Seva na simu zako zinaunganishwa moja kwa moja kwa usimbaji fiche, na mtu wa nje haoni kitu.

```
curl -fsSL https://tailscale.com/install.sh | sh
sudo tailscale up
```

Hii ni aina ya VPN, yaani mtandao binafsi unaopita ndani ya intaneti, na hapa nchini jambo hilo lina taratibu zake. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo kuwataka watu na kampuni wanaotumia VPN kuwasilisha taarifa zao. Soma maelekezo yaliyopo na uyafuate kabla ya kuwasha.

Kumbuka pia nauli: ukiwa Dar ukafungua video iliyoko nyumbani Dodoma, bando linaliwa pande zote mbili, la nyumbani kwa kutuma na la simu kwa kupokea. Mimi safarini naangalia picha tu, video zinasubiri nirudi.

Na ikiwa utatunza taarifa za watu wengine, mathalani orodha ya wanakikundi na michango yao au wanafunzi wa tuisheni, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha za nyumbani ni jambo la nyumbani. Daftari la kikundi ni dhamana ya watu.

Nakala za akiba

Diski moja si hifadhi. Nunua diski mbili za nje zaidi. Moja inakaa nyumbani, nyingine inakaa kwa ndugu. Yangu iko kwa kaka, Kongwa. Kila nikienda kuwasalimia au yeye akija mjini, tunabadilishana. Mwizi au moto wa nyumba moja hauwezi kufika kwenye nyumba mbili. Kila diski ya akiba iandae mara moja, na kama hapo awali, hakikisha kwa `lsblk -f` kwamba ni yenyewe:

```
sudo mkfs.ext4 -L akiba /dev/sdc1
sudo mkdir -p /mnt/akiba
sudo mount LABEL=akiba /mnt/akiba
sudo restic -r /mnt/akiba/hazina init
```

Restic, programu ya nakala za akiba tuliyoiweka mwanzoni, itakuuliza nenosiri. Andika nenosiri hilo kwenye karatasi, uweke pamoja na hati za kiwanja. Likipotea, nakala zote zimepotea. Hakuna wa kumpigia simu. Diski ikiibiwa, mwizi naye haoni kitu.

Kila Jumamosi:

```
sudo mount LABEL=akiba /mnt/akiba
sudo restic -r /mnt/akiba/hazina backup /data/picha /home/fundi --exclude /data/picha/thumbs --exclude /data/picha/encoded-video --exclude /home/fundi/immich/postgres
sudo restic -r /mnt/akiba/hazina check
sudo umount /mnt/akiba
```

Nimeacha folda ya postgres makusudi, kwa sababu kunakili hifadhidata inayoendelea kuandikwa kunaleta nakala mbovu. Immich yenyewe hutoa nakala safi ya hifadhidata kila usiku saa nane na kuiweka ndani ya /data/picha/backups, na hiyo imo kwenye nakala yetu. Ukimaliza, ng'oa diski, iweke kabatini. Diski iliyochomekwa muda wote itapigwa na radi ileile itakayoipiga seva.

Kisha, mara moja kwa miezi mitatu, diski ya akiba ikiwa imepandishwa kama hapo juu, rudisha kitu kwa kweli:

```
sudo restic -r /mnt/akiba/hazina restore latest --target /home/fundi/jaribio --include /data/picha/upload
```

Uwe na nafasi ya kutosha kwenye SSD, au elekeza kwenye diski nyingine. Fungua picha tano kwa macho yako. Zikifunguka, futa folda ya jaribio. Hapo ndipo nilipomruhusu mke wangu kupunguza picha kwenye simu yake.

Kuitunza

Usisasishe Immich kila siku. Mara moja kwa mwezi, siku ya mapumziko, baada ya kuchukua nakala, soma kwanza maelezo ya toleo jipya kisha `docker compose pull` na `docker compose up -d`. Kila mwezi pia uliza afya ya diski kwa `sudo smartctl -a /dev/sdb`. Diski nyingine za USB zinahitaji uongeze `-d sat`. Angalia mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba ya mwisho ikiwa sifuri, lala. Ikianza kupanda, nunua diski nyingine wiki hiyohiyo.

Kilichobaki ni karatasi. Seva isiyojulikana na mtu mwingine nyumbani itakufa siku utakaposafiri. Yangu imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, juu ya kisanduku, kwa mwandiko mkubwa: umeme ukirudi, subiri dakika tano. Picha zisipofunguka, tazama taa ya diski ya nje. Kama haiwaki, chomoa kebo yake ya USB, hesabu kumi, rudisha, kisha bonyeza kitufe cha seva mara moja tu, usikishikilie. Ikishazima yote, bonyeza tena iwake. Ikishindikana, iache, nipigie. Usifunike.